Chupa Tupu Iliyopumua

Ilianza Jumatano ya kwanza ya mwezi wa pili, saa tano kasorobo asubuhi, kipindi cha biolojia. Nilikuwa Kidato cha Tatu, nimekaa dawati la nyuma karibu na dirisha ambalo kioo chake kimoja kilikuwa kipande cha boksi. Mwalimu wetu, Madam Koku, mwenyeji wa Muleba, alikuwa na desturi ya kufundisha kwa Kiingereza mpaka afike kwenye jambo analotaka tulisikie kweli. Hapo huweka chaki mezani na kuhamia Kiswahili. Siku hiyo aliweka chaki mezani. Akasema huko kwenye ncha za dunia, kaskazini kabisa na kusini kabisa, kuna udongo ulioganda tangu kabla babu wa babu zetu hawajafika Karagwe, na ndani yake kuna bakteria. Hawajafa, akasema, wengi wamelala. Sasa dunia inapata joto, udongo unayeyuka, nao wanaamka na njaa yao. Wanakula mizizi na majani yaliyogandia humo zamani, na kila anayekula anapumua, na wanachotoa ni hewa ukaa, nayo hewa ukaa inaongeza joto, na joto linaamsha wengine. Deusi, kijana wa dawati la mbele ambaye hakuwahi kukosa neno, akauliza kama wakiamka wataomba chai au uji. Darasa likacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa msichana ambaye jina langu, Alinda, likiitwa kwenye mahudhurio huitika kwa sauti ya mtu anayeomba radhi, na hapo ndipo niliposikia kwa mara ya kwanza habari za kitu kilichonyamaza maelfu ya miaka na bado kiko hai.

Nayaandika haya sasa, nikiwa na miaka kumi na tisa na nimemaliza Kidato cha Sita, kwa sababu juzi nilionana na Kemi. Nilikuwa nimeshuka Omurushaka kununua sabuni, nikamwona amesimama kwenye kibaraza cha duka la Mama Jeni, amenenepa kidogo, amevaa gauni la kitenge, anasomea mifugo chuoni na yuko likizo. Hakunisalimia kwanza. Alisema tu, "Chupa tupu hajambo?" nasi tukacheka mpaka waendesha bodaboda wakageuka kututazama, na Mama Jeni akatoka ndani akijifuta magamba ya samaki mikononi, akauliza nani amekufa au nani ameolewa. Habari za ukoo wetu na za nyumbani Isingiro nitaziacha. Wenye kuzijua wapo na wanazisimulia vizuri kuliko mimi. Ninachotaka kusimulia ni mwaka ule mmoja, wa chumba kile kimoja nyuma ya duka lile.

Shule yetu ilikuwa ya kutwa, na sisi tuliotoka mbali upande wa Kyerwa tulipanga vyumba Omurushaka. Mimi na Kemirembe, ambaye sote tulimwita Kemi, tulipanga kwa Mama Jeni. Chumba kilikuwa na kitanda kimoja, msumari wa sare zangu na msumari wa sare zake, jiko la mkaa mlangoni, na chini ya kitanda mkungu wa ndizi kutoka kwetu, ambao tuliukata chana moja moja. Jioni tulipika ndizi na maharage, siku nyingine maharage bila ndizi, na Jumamosi kaka yake Kemi akituma dumu la maziwa kwa bodaboda tulikuwa matajiri. Kati ya chumba chetu na duka palikuwa na ukuta mwembamba wa matofali mabichi, kwa hiyo tulijua mambo yote ya mji. Tulijua nani kagombana na shemeji yake, basi gani la Bukoba limeharibika, na kahawa ya nani imekataliwa kwa unyevu. Jioni ya Jumatano ile ile nilikuwa nachambua maharage nikamsikia mteja mmoja akilalamika kwamba sangara wa Mama Jeni amezeeka. Mama Jeni, ambaye hakuwahi kushindwa na mteja, akamjibu kwa upole wa Kihaya, "Waitu, huyo hajazeeka. Amelala tu kwenye barafu. Mpeleke kwenye moto uone kama hataamka." Nikaacha maharage. Ncha ya dunia ilikuwa upande wa pili wa ukuta, friza inayonguruma, yenye kufuli, na juu yake pamewekwa trei za mayai.

Madam alikuwa ametangaza kwamba yatakuwepo mashindano ya wanasayansi vijana wa wilaya, mjini Kayanga, na kila shule ina nafasi moja tu. Watu wawili wawili, na wote wawili lazima waeleze mbele ya majaji. Niliitaka nafasi ile kwa namna ambayo sikuwahi kutaka kitu. Siyo zawadi. Nilitaka kusimama mahali na kusema jambo ambalo nimeliona mwenyewe, na hapo hapo nilijua kwamba siwezi kusimama na siwezi kusema. Usiku nilimnong'oneza Kemi mpango wote: tuugandishe udongo kwenye friza ya Mama Jeni kama ulivyogandishwa kule, kisha tuuyeyushe tuone kama waliomo wataamka na kupumua. Kemi aligeuka upande wangu gizani. Kisha akasema, "Basi mimi nitaongea, wewe utafikiri." Ukawa ndio mkataba wetu.

Kumpata Mama Jeni haikuwa rahisi. Alitutazama mmoja mmoja, akauliza kama tunataka wateja wake waseme anauza sangara wa kuchimbwa. Akakubali kwa masharti: udongo ufungwe mifuko miwili miwili, ukae chini kabisa, na mtu akiuliza ni kitu gani tumwambie ni dawa ya mwenye nyumba. Tulileta udongo wa aina mbili, kila mmoja kutoka kwao. Mimi nilileta wa kibanja chetu cha migomba, mweusi, unaonuka maisha, kwa kuwa kibanja hulishwa nyasi, samadi na maganda ya jikoni kizazi hadi kizazi. Kemi alileta wa rweya, ile nyika ya nyasi ambako ng'ombe wa kwao wanachunga, mwekundu, mwepesi, udongo ambao haujawahi kupewa kitu na mtu. Madam alitufundisha namna ya kuona pumzi. Unayeyusha chokaa ya kupaka ukuta kwenye maji, unaacha itulie, unachukua maji ya juu yaliyo safi. Unatia udongo kwenye chupa ya jamu yenye mdomo mpana, ndani yake unasimamisha kichupa kidogo cha maji yale, unafunga. Kama kuna kinachopumua ndani, hewa ukaa itayageuza maji ya chokaa yawe meupe. Tukapanga chupa nne: ya kibanja iliyotoka kwenye barafu na kuachwa ipate joto, ya rweya vivyo hivyo, ya kibanja iliyobaki ndani ya ndoo ya barafu, na ya nne tupu, isiyo na udongo wowote. Hiyo ya nne, Madam alisema, ndiyo shahidi. Hiyo lazima ibaki safi.

Siku Mkuu wa shule alipokuja kuchagua, maabara yetu, ambayo kabla ya hapo ilikuwa stoo ya majembe, ilijaa. Deusi na mwenzake walikuwa na mashine ya kutotolesha vifaranga, boksi lenye balbu na mayai ndani, na kwa kweli ilikuwa nzuri. Kemi alieleza kama mtu aliyezaliwa ncha ya dunia. Mimi nilikuwa natia udongo, naweka vichupa, nafunga. Alipofika kwenye chupa ya nne akasema kwa madaha, "Na hii haina kitu, Mkuu, kwa hiyo itabaki safi kama maji ya mvua." Nilikuwa sijaondoa mkono kwenye kifuniko. Maji ya chokaa yalianza kuchafuka mbele ya macho yangu, ukungu kwanza, kisha weupe. Nikatazama nyingine. Zote. Ile ya kwenye barafu nayo nyeupe. Mkuu akainama, akavua miwani, akavaa tena.

"Hii tupu nayo inapumua?"

"Labda ina mzimu, Mkuu," Deusi akasema, na stoo nzima ikaanguka kicheko.

Mkuu hakucheka. Alinigeukia mimi, akasema wewe ndiye uliyetengeneza, eleza. Nilifungua mdomo. Nakumbuka kuku mmoja wa mtaani aliyekuwa akilia nje, na macho ya Kemi yakinisukuma. Hakikutoka kitu. Madam aliingia kati, akasema jaribio lililokataa nalo limesema kitu, akaomba tupewe muda wa kujua limesema nini. Mkuu akafikiri. "Ijumaa ijayo," akasema. "Chupa tupu ikipumua tena, vifaranga ndio watakaokwenda Kayanga. Na huyu asiyesema, Madam, hata nikimruhusu, atakwenda kufanya nini huko?"

Wiki ile niliulizwa na shule nzima chupa yangu imekula nini leo, imelala salama, inaendelea na masomo. Nilibadilisha chokaa. Nilichuja maji mara mbili kwa kitambaa cha kanga. Nilifikiri labda ni pumzi zetu wenyewe wakati wa kufunga, nikafunga huku nimejiziba pumzi mpaka masikio yakavuma. Nilifanya majaribio hayo kwenye vikombe na chupa za soda tulizookota, na maji yakabaki safi, jambo lililonichanganya zaidi, kwa sababu zile chupa zetu nne tulikuwa tumeziosha vizuri kuliko chombo chochote katika chumba kile. Juu ya hayo umeme ukakatika siku nzima. Mama Jeni akafunika friza kwa mablanketi yake mawili, akakalia kiti mbele yake kama mlinzi wa benki, na kupitia ukutani tukamsikia akiwarudisha wateja wa samaki na wa barafu. Akawaambia friza imefungwa kwa sababu ya mitihani. Mteja mmoja akauliza friza inafanya mtihani gani. "Wa Kidato cha Tatu," Mama Jeni akajibu.

Jumamosi kaka yake Kemi alituma maziwa. Tulichemsha chai ya maziwa matupu, yenye tangawizi, tukala na viazi vilivyochomwa, tukiwa tumekaa chini tumeegemea kitanda. Niliinua kikombe, na kabla sijanywa ile harufu ikanifika puani. Maziwa ya kwao Kemi yalikuwa na harufu yake, ya moshi mtamu wa nyasi kavu, kwa sababu hukamuliwa kwenye vibuyu vilivyofukizwa. Niliizoea kiasi kwamba nilikuwa siisikii tena. Siku hiyo niliisikia. Nikaweka kikombe chini, nikavuta boksi la chupa kutoka uvunguni, nikafungua ile tupu, nikaingiza pua. Harufu ilikuwa ile ile.

"Kemi, chupa hizi uliziosha na nini?"

"Na sabuni. Nikazisuuza mara mbili."

"Kisha?"

"Kisha nikazifukiza." Alinitazama kana kwamba nimemuuliza kama alivaa viatu. "Asubuhi ile, wakati unaoga. Nikazifunika moshi ukiwa ndani."

"Ulizifukiza kwa nini?"

"Alinda," akasema polepole, kama mtu anayemfundisha mtoto, "wewe chombo kisichofukizwa unatia nini ndani yake?"

Kwa watu wa kwao, wafugaji, kibuyu cha maziwa huoshwa, kisha hufudikizwa juu ya kigae chenye nyasi zinazofuka mpaka kijae moshi, kisha hufunikwa ili moshi ulale ndani. Msichana hujifunza kazi hiyo kabla ya kujifunza kusoma. Kemi alikuwa ameziona chupa nzuri, mpya machoni pake, zinazokwenda kuonyeshwa kwa Mkuu, akazifanyia heshima inayostahili chombo kizuri. Hakufikiri, kama mimi nisivyofikiri ninapofunga kanga. Na moshi, kila mtu aliyesoma Kidato cha Pili anajua, umejaa hewa ukaa. Maji ya chokaa hayakutudanganya hata kidogo. Yalitwambia ukweli tangu mwanzo, ila tulikuwa tunawauliza bakteria kumbe aliyejibu ni kigae.

Tulitoka uani na chupa mbili tupu. Tukafukiza moja, nyingine tukaiosha na kuianika juani mpaka isinuke kitu. Tukatia vichupa, tukafunga, tukachuchumaa. Mama Jeni alikuja na kisu chake cha samaki mkononi, akachuchumaa nasi. Iliyofukizwa ikawa nyeupe kabla hajamaliza kuuliza tunafanya nini. Nyingine tuliitazama mpaka miguu ikafa ganzi, na maji yake yalibaki safi. Nikamweleza yote, na nilipomaliza nikagundua kwamba nimeongea muda mrefu bila kukatika. "Kumbe siyo udongo unaopumua," Mama Jeni akasema akiinuka. "Ni chupa iliyovuta sigara." Mimi nilicheka nikalala chini kwenye vumbi. Kemi hakucheka. Alikuwa anazungusha kile kigae chake mkononi. Usiku, taa imezimwa, akaniambia niwaambie tu kwamba chupa hazikuwa safi, basi. Darasani walikwisha kumwita mtu wa zizini, na hakutaka waongeze na hili. Nilimwahidi. Sikuona ubaya wowote katika ahadi hiyo.

Ijumaa chupa ziliongea zenyewe. Tulizifunga alfajiri mbele ya Madam, na Mkuu akaja mchana. Ya kibanja, iliyotoka kwenye barafu ikapata joto, ilikuwa nyeupe kama maziwa. Ya rweya ilikuwa na ukungu mwepesi tu. Ya ndani ya ndoo ya barafu ilikuwa karibu safi, waliomo bado wamelala. Na ile tupu ilikuwa safi kabisa. Mkuu alichuchumaa mbele ya ile tupu muda mrefu kuliko zote. Akauliza imeacha kupumua, Kemi akasema imeacha, akauliza ilikuwa na nini, Kemi akasema haikuwa safi. Mkuu akatupa nafasi, lakini akarudia sharti: mashindano yanataka wawili, na huko Kayanga lazima na mimi niseme. Deusi, nimtendee haki, alikuja kutupa mkono, akasema vifaranga wake wametuachia kwa sababu hawapendi baridi.

Dawa ya ukimya wangu aliitoa Mama Jeni. Kila jioni kwa muda uliobaki alinisimamisha nyuma ya meza ya duka, yeye akakaa kwenye kiti cha wateja na kuchambua mchele, akakataa kumjibu mtu yeyote. Anayetaka samaki aniulize mimi. Mwanzoni walikuwa wanainama juu ya meza wakisema "eti?" na "sema, binti, hatukuli." Mzee mmoja aliniambia nina sauti ya mtu aliyeko ndani ya friza. Kufikia mwisho nilikuwa nabishana nao kuhusu uzee wa sangara. Hata hivyo usiku wa kuamkia Kayanga sikupata usingizi, na sentensi zangu mbili za kukariri zilikuwa zinapotea moja moja kama kuku wanaotoka kwenye banda bovu.

Ukumbi wa Kayanga ulikuwa na meza pande zote na shule nyingi kuliko nilivyojua kwamba wilaya inazo. Kulikuwa na taa za sola, biriketi za maganda ya kahawa, pampu ya maji ya baiskeli. Sisi tulikuwa na chupa zetu nne tulizozifunga jana yake jioni, ndoo ya barafu ya Mama Jeni, na chupa moja safi ya akiba. Jaji mkubwa alikuwa mama wa makamo, afisa kilimo, mwenye viatu vya shamba vyenye matope ya asubuhi hiyo. Kemi alieleza vizuri sana. Nilisema sentensi zangu mbili nikitazama kifungo cha koti lake, zikatoka, zinatetemeka lakini nzima. Nilidhani tumemaliza. Yule mama akanyoosha kidole kwenye chupa ya nne.

"Hii hamna kitu. Mmeisafirisha hewa ya Omurushaka mpaka hapa kwa nini?"

Kemi alianza, "Hiyo ni ya...," akanyamaza. Najua alichokiona. Aliona jibu zima mbele yake, na ndani ya jibu hilo kigae, na moshi, na zizi, na darasa linalocheka. Kemi, ambaye sijawahi kumwona akikosa neno tangu tujuane, alisimama pale amefunga mdomo, na jaji akaanza kuandika. Nikamtazama. Sikumwuliza kwa sauti, nilimtazama tu, na aliinamisha kichwa, kisha akakiinua kile kidevu chake kama anayesema haya, sema.

"Hiyo ni shahidi," nilisema. "Ndiyo iliyotuambia kwamba tumekosea."

Kalamu ya jaji ikasimama. Nikamsimulia yote, chupa nyeupe mbele ya Mkuu, mzimu wa Deusi, chai ya Jumamosi. Nikamwambia kwamba rafiki yangu anatoka kwa watu ambao chombo cha maziwa hawakitumii bila kukifukiza, na kwamba alifukiza chupa zetu kwa heshima. Sikuwa nimepanga nitakachosema baada ya hapo, kilikuja chenyewe. "Watu wa kwao walijua tangu zamani kwamba ndani ya maziwa kuna kitu kinachofanya kazi, hata kama hakionekani. Wakakituliza kwa moshi. Huko kwenye ncha za dunia kimetulizwa na barafu. Tofauti ni kwamba moshi ukiisha kwenye kibuyu, Kemi anafukiza tena. Barafu ikiisha kule, hakuna mwenye kigae."

Watu wa meza za jirani walikuwa wamesogea. Jaji akauliza kwa nini udongo wa rweya umepumua kidogo wakati umepata joto lile lile. Nikasema joto peke yake halitoshi. Aliyeamka anataka chakula, na kibanja kimelishwa tangu enzi za bibi zetu, rweya haijalishwa na mtu. Nikasema Madam ametufundisha kwamba kule nako kuna sehemu za changarawe tupu na sehemu zilizojaa mizizi iliyoganda, na sisi tunadhani penye mizizi ndipo pa kuogopa zaidi, ingawa chupa nne haziwezi kuthibitisha jambo la dunia nzima. Hapo akatabasamu kwa mara ya kwanza. Lakini hakuniachia.

"Na mkulima wa Kyerwa, ambaye barafu anaiona kwenye samaki tu, yanamhusu nini hayo?"

"Hewa haipangi foleni pale Murongo, mama," nikasema. "Wanachopumua kule hakigongewi muhuri mpakani. Kikizidi huko, mvua zinavurugika hapa."

Ukumbi ulicheka, na kilikuwa kicheko cha namna nyingine, kile ambacho mtu anakuwa ndani yake. Kemi akafufuka. Akaomba kiberiti, akamtuma mtu nje alete nyasi kavu, akachukua kipande cha chungu kilichovunjika kwenye meza ya waliotengeneza majiko, na mbele ya majaji wote, kwa mikono iliyofanya kazi ile maelfu ya mara, akafukiza chupa yetu ya akiba. Alieleza kila hatua, jinsi ya kushika, jinsi ya kujua moshi umetosha, kwa nini unafunika upesi, kwa sauti ya mtu anayeonyesha nyumba yao. Nikatia kichupa cha maji ya chokaa, nikafunga. Kikageuka cheupe. Kando yake ile tupu ikabaki safi. Makofi yalianzia meza ya pampu ya baiskeli.

Tulitangazwa wa kwanza mchana wa siku ile, wawakilishi wa wilaya kwenda mkoani. Madam Koku aliyapokea matokeo kwa utulivu, kisha akatoka nje na kupitia dirishani tukamwona anaruka peke yake nyuma ya gari. Jioni Mama Jeni alitukaangia sangara mkubwa kuliko wote, na ndizi zetu, na kachumbari yenye pilipili nyingi, tukala dukani kabisa, juu ya meza ya kuuzia, huku akimwambia kila aliyeingia kwamba hawa ndio watoto wa friza yake. Kemi alisimulia kufukiza kwake mara nyingi kiasi kwamba kufikia mwisho wa jioni majaji walikuwa wamelia. Juzi, tulipokaa kwenye meza ile ile, niliona bado anaisimulia hivyo, na sikumsahihisha. Mkoani, mwezi uliofuata, tulishika nafasi ya tatu, na ni habari nzuri pia, lakini ninapoukumbuka mwaka ule sianzii huko.

Asubuhi iliyofuata ilikuwa Ijumaa, na kipindi cha kwanza kilikuwa historia. Mwalimu aliuliza swali kuhusu biashara ya chuma katika Karagwe ya zamani. Nilinyoosha mkono. Alitazama upande wangu, akatazama nyuma yangu ukutani, akidhani kuna mtu mwingine, kisha akasema, kwa wasiwasi kidogo, "Alinda?" Nikasimama, nikajibu kwa sauti iliyofika mpaka dawati la Deusi. Nilikuwa nimekosea kabisa. Darasa likacheka, mwalimu akanisahihisha, nikakaa. Akauliza swali la pili, nikanyoosha tena.